Genge Liko Mlangoni, Mlo Uko Mbali: Somo la Chakula kutoka Mtua hadi Manzese

Naanza na karatasi. Mwaka jana, muhula wa pili, nilimsindikiza shangazi yangu kliniki ya kisukari. Shangazi anakaa Manzese, amepanga chumba kimoja na ukumbi, na kila alfajiri anapika vitumbua anauza barazani. Alipotoka chumba cha ushauri alikuwa ameshika karatasi moja yenye picha ya sahani. Nusu ya sahani mboga za majani na matunda, robo nafaka isiyokobolewa, robo samaki au maharage. Pembeni wameandika asile vitu vitamu wala vya kukaanga.

Akaniambia, "Baba, nisomee hapa wanasemaje." Nikamsomea. Akacheka, lakini cheko lenyewe halikuwa la furaha. "Hiki si chakula cha nyumbani? Hiki ndicho tulichokuwa tunakula Mtua tukiwa watoto, tunakikimbia. Leo nimekuja mjini, naandikiwa na daktari kama dawa, na sina hela ya kukinunua."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani mpaka leo. Mimi nasoma sayansi ya jamii, mwaka wa tatu, na nimeshafanya mitihani ya kutosha kuhusu "matabaka" na "umaskini wa mijini" na kupasi. Lakini swali la shangazi sikuweza kulijibu palepale. Inawezekanaje mtu akae hatua ishirini kutoka kwenye genge la mboga, katika jiji lenye masoko makubwa kuliko yote nchini, na bado mboga iwe mbali naye? Makala hii ni jaribio langu la kujibu. Anayetaka kunikosoa anakaribishwa, kurasa za toleo lijalo zipo.

Kwanza niseme kuhusu nyumbani, maana wengi mkisikia Mtua mnauliza ni wapi. Ni kata ya wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, upande wa jirani zetu wa Ruangwa. Kwetu kuna korosho, ufuta, mbaazi, choroko, mtama, muhogo. Mezani, yaani kwenye mkeka, kuna ugali wa muhogo au wa mtama, kisamvu, mlenda, majani ya kunde, mbaazi, na kiangazi watu wanaingia porini kuchimba ming'oko. Ming'oko ni viazi vya porini vyembamba, vinachemshwa na kuliwa na chumvi, na mtu wa kusini akiviona Dar es Salaam anaweza kulia machozi. Sitanii.

Lakini nisiwadanganye kwamba kijijini ni peponi. Kosa hilo tunalifanya sana sisi wa mikoani tukishafika mjini, tunaanza kuusifia ugali wa bibi kama vile hatukuukimbia. Ukitazama utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Na mkoa unaoongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Kwa hiyo hata huko kunakolimwa, chakula kuwepo shambani ni jambo moja na chakula kuingia mwilini mwa mtoto ni jambo jingine. Shikeni hapo, tutarudi.

Sasa somo. Ulaya na Marekani wana msemo wa majangwa ya chakula. Ulianza kusikika Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye mitaa ya nyumba za serikali. Marekani ukapata nguvu hasa mwaka 2006, ulipotoka utafiti wa Mari Gallagher kuhusu Chicago. Wazo lenyewe ni rahisi. Kuna mitaa ya watu maskini, mara nyingi weusi, ambako duka kubwa lenye matunda na mboga liko mbali sana, na lililo karibu ni kioski cha soda, bisi na baga. Mtu asiye na gari anakula kilicho karibu. Umbali unapimwa kwa maili, ramani inachorwa, na jangwa linaonekana kwa rangi nyekundu.

Niliposoma hayo nikafurahi, nikadhani nimepata jibu la shangazi. Jumamosi nikaenda Manzese na daftari, nikasimama mlangoni kwake, nikaanza kutembea kuelekea barabara ya Morogoro. Nilihesabu magenge saba kabla sijafika lami. Mchicha, tembele, chainizi, nyanya, bamia, ndizi, machungwa, dagaa. Soko la Tandale liko jirani. Ukivuka barabara na kushuka upande wa pili unafika Mabibo, soko tunaloliita Mahakama ya Ndizi. Kwa vipimo vya Chicago, shangazi yangu anaishi kwenye bustani. Upande wa Masaki ndiko ambako ukitaka fungu la mchicha kwa miguu unaweza ukatembea mpaka kiatu kilie!

Kwa hiyo umbali si jibu. Ndipo mhadhiri mmoja akanielekeza kwa Amartya Sen, na hapo nikaanza kuelewa. Sen ni mchumi wa India, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Akiwa mtoto wa miaka tisa aliiona kwa macho yake njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu wapatao milioni tatu. Alipokua akarudi kuipigia hesabu, na mwaka 1981 akatoa kitabu kuhusu umaskini na njaa. Alichokikuta ni hiki: chakula kilichokuwepo Bengal mwaka 1943 hakikuwa pungufu ya kile cha 1941, na 1941 hakukuwa na njaa. Chakula kilikuwepo. Waliokufa ni wale ambao kipato chao hakikuweza tena kukivuta: vibarua wa mashambani, wavuvi, mafundi wadogo. Hivyo Sen anatuambia tuache kuuliza kwanza "chakula kiko wapi?" Tuulize "fulani anakipata kwa njia gani?" Kwa kulima mwenyewe, kwa mshahara, kwa kuuza kitu, kwa kupewa na ndugu au serikali. Njia hiyo ikikatika, unaweza kufa na njaa umeegemea ukuta wa ghala.

Tuibebe hoja hiyo mpaka Manzese. Njia ya shangazi ya kupata chakula ni vitumbua. Faida inaingia kila siku, kidogo kidogo, na inatoka kila siku, kidogo kidogo. Hana mwezi, ana siku. Na uchumi wa siku una soko lake, soko la kupima. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, mchele robo, unga nusu, mkaa wa kopo, nyanya fungu la tatu. Wengi wetu hapa chuoni tumelelewa na kupima, ila hatujawahi kukaa na kupiga hesabu yake. Tupige, kwa namba za mfano tu. Tuseme lita moja ya mafuta ni shilingi 6,000. Mwenye duka anaigawa kwenye vipimo 16 vya shilingi 500. Anayenunua kwa kupima mpaka lita iishe atakuwa ametoa shilingi 8,000. Amelipa theluthi nzima zaidi ya mwenye gari aliyebeba dumu kutoka duka la jumla. Mwenye duka naye si mwizi, msimshukie. Anagawa, anafunga, anakopesha, mengine yanamwagika, na yeye mwenyewe kakopa. Lakini matokeo ni kwamba mwenye kipato kidogo analipa bei kubwa kwa kitu kilekile, kila siku, maisha yake yote.

Halafu kuna mkaa. Hapa naomba mkae kidogo maana jambo hili kwenye vitabu vya lishe silioni sana. Karatasi ya kliniki inasema maharage. Maharage makavu yanataka saa mbili au tatu jikoni, na kwa shangazi saa tatu ni mkaa wa siku nzima. Siku nyingine mkaa wa kuivisha maharage unakaribia bei ya maharage yenyewe. Chipsi kavu za jirani hazitaki mkaa wake, hazitaki maji yake, hazitaki muda wake, na zinashibisha. Ukiweka bei ya moto kwenye hesabu, sahani ya "chakula kibaya" inakuwa nafuu kuliko sahani ya "chakula kizuri," hata kama gengeni bei zinasema kinyume. Mtu mwenye jiko la gesi na friji anachemsha maharage ya wiki nzima Jumapili, anagawa kwenye vikopo, anagandisha. Shangazi akichemsha ya wiki, Jumanne yamechacha. Friji yenyewe ni chombo cha kukusanya nafuu.

Mboga nazo hazilali. Jioni ukipita magengeni unaona nyanya masalo, zile zilizobonyea, zinauzwa kwa bei ya kutupa, na wanaozinunua ni walewale. Si vibaya, nyanya masalo ikipikwa inaliwa. Ila matunda ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Nilimuuliza shangazi mara ya mwisho amekula chungwa lini, akafikiri, akasema, "Ile siku umekuja nayo." Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta Watanzania zaidi ya 9 kati ya 10 hawafikii kiwango hicho, matajiri wakiwemo. Kwa hiyo mwenye gari naye hali matunda, ila yeye ana namna ya kuchagua.

Kuna jambo la unga pia, na hapa nina hasira kidogo. Sisi tuliosoma bweni tunajua dona: chakula cha shule, cha jela, cha jeshi. Sembe nyeupe ndiyo ilikuwa alama ya kufanikiwa. Kukoboa kunaondoa ganda na kiini cha hindi, na huko ndiko waliko vitamini, mafuta mazuri na nyuzinyuzi zinazozuia sukari isipande ghafla. Kwa mgonjwa wa kisukari tofauti si ndogo. Basi miaka hii dona imepanda cheo. Imeingia kwenye maduka ya ushuani, imefungwa vizuri, imeandikwa "asilia," na bei yake imeipita sembe. Mlenda uliokaushwa nao uko kwenye pakiti. Wenye uwezo wametuachia sembe, wameondoka na dona yetu.

Nusu ya ukweli ni kwamba hata shangazi mwenyewe hataki dona mbele ya wageni. Tusiseme kila kitu ni bei. Heshima nayo inaliwa. Mtu aliyetoka kijijini miaka thelathini iliyopita ili asile muhogo kila siku, ukimwambia arudi kwenye muhogo anasikia kama unamwambia ameshindwa maisha.

Serikali iliona tatizo la virutubishi mapema, na mwaka 2011 zikatoka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Wazo zuri. Lakini viwanda vikubwa vya ngano na mafuta ni vichache na ni rahisi kuvifuatilia. Mashine za kusaga na kukoboa mahindi ziko kila mtaa, ndogo ndogo, na kuweka kirutubishi kwenye kila mashine ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo anayekula mkate wa dukani ana nafasi kubwa ya kupata kirutubishi kuliko anayekula sembe ya mashine ya jirani. Sijui kama kuna aliyekusudia hivyo. Sidhani.

Haya mambo yana asili, hayakudondoka. Dar es Salaam iligawanywa kwa makusudi. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891 zilizotenga maeneo kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba maana yake ilikuwa aina ya mtu. Waingereza wakaja na kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kariakoo lenyewe jina limetoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba za Uswahilini ziliwekwa karibu karibu, bila maji ya kutosha, bila mifereji. Leo jina la Uswahilini tumelibakiza, tunalitamka kwa utani, na ramani ya friji na mabomba haiko mbali sana na ile ya kanda tatu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao wa chakula mjini Dar es Salaam uligawanywa kwa rangi. Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na fungu lake, na aina ya nafaka unayoruhusiwa ilifuata rangi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa mahindi na mtama. Muda huohuo huko Uingereza kwenyewe mgao uliendeshwa kwa kanuni ya usawa, bwana na kibarua kadi moja, na wataalamu wa lishe husema maskini wa Uingereza walikula vizuri zaidi wakati wa mgao kuliko kabla ya vita. Serikali moja, mizani mbili.

Na hapa ndipo Nachingwea yangu inapoingia kwenye historia ya dunia. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mgao wao haukwisha mpaka 1954. Mwaka 1946 ukaja mpango: tulime karanga Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu, tukamue mafuta, familia za London zipate siagi ya kupaka mkate. Maeneo yakachaguliwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza 1947. Yakaja matrekta, vikaja vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli mpaka Nachingwea. Mvua haikutii ratiba, udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, vichaka vikavunja mashine. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni kama milioni 36 zimekwenda na maji. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962 na kung'olewa.

Wazee wa kwetu wanasimulia habari hii kwa kucheka, na mimi nilicheka nao mpaka nilipoisoma chuoni. Fikirini. Ardhi ya watu waliokuwa wanakula mara moja kwa siku miezi ya kifuku ilipangiwa kutatua tatizo la lishe la mitaa ya London. Hakuna aliyeuliza mtoto wa Mtua anakula nini. Karanga zingestawi, zingepakiwa Mtwara na kuondoka.

Tabia hiyo haijafa, imebadilisha mazao tu. Ufuta wetu unaondoka. Korosho ghafi nyingi zinakwenda India na Vietnam kubanguliwa. Mbaazi soko lake ni India. Sisemi biashara ni mbaya. Ada, sare, bati za nyumba ya mama, vyote vimetoka kwenye korosho na ufuta kupitia chama cha msingi na minada ya RUNALI. Lakini oneni jinsi njia za Sen zinavyofanya kazi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao. Kwetu bei ikaporomoka, watu wakaacha mbaazi shambani, wengine wakazirudisha nyumbani. Mwaka ule tulikula mbaazi asubuhi, mchana, jioni. Mbaazi za nazi, mbaazi na muhogo, mbaazi tupu. Nikiangalia sasa kwa macho ya lishe, mwaka ule tulikula vizuri kuliko miaka yote, na tulikuwa hatuna hata senti. Dada yangu alikosa sare kwa sababu sahani ilikuwa imejaa. Mwaka bei ikiwa nzuri, gunia linaondoka, na hela inayobaki inanunua sembe na sukari.

Na kuna kangomba. Miezi ya kifuku, Januari mpaka Machi, ghala likiwa tupu, anakuja mtu na debe la mahindi au noti kadhaa, unamwandikia korosho za Oktoba kwa bei ya msiba. Serikali imepiga marufuku kangomba mara nyingi. Novemba 2018 ilifika hatua ya kutangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuleta jeshi kubeba. Kangomba bado ipo, kwa sababu njaa ya Februari bado ipo. Ukiniuliza mimi, kangomba na mafuta ya kupima ni ndugu wa tumbo moja. Kote kuwili anayehitaji leo anamlipa anayeweza kusubiri.

Nirudi mjini nimalizie jambo moja ambalo linatuhusu hapa Mlimani moja kwa moja. Mboga nyingi za bei nafuu za Dar es Salaam zinalimwa mabondeni, bonde la Msimbazi likiwa mojawapo. Mkulima wa bondeni anafanya kazi kubwa: bila yeye fungu la mchicha lingepanda sana. Lakini mto ule unapokea maji ya viwandani na majitaka. Mwaka 1999 watafiti wa kemia, Bahemuka na Mubofu, walichapisha utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakipima metali kama risasi, kadimiamu, shaba na zinki, wakaonya kwamba kula mboga hizo mara kwa mara kuna hatari kwa afya. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Anayeweza kumuuliza muuzaji "hii imelimwa wapi?" na kuamini jibu ni mwenye duka lake maalum. Anayenunua fungu la jioni haulizi, anaosha mara mbili, basi. Hivyo hata shangazi akifuata karatasi ya daktari kikamilifu, hana uhakika nusu ile ya sahani imebeba nini.

Na sisi? Bumu. Kiwango cha chakula na malazi cha Bodi ya Mikopo kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na tulishangilia, mimi nilikuwepo. Lakini bumu linaingia kwa mkupuo na sisi tunalila kwa mkupuo. Wiki ya kwanza kuku, wiki ya tatu wali maharage, kuelekea mwisho ni chai na chapati mbili, mchana "pasi ndefu." Tuna elimu ya lishe ya kutosha kuandika tasnifu, na tunakula kama mtu asiyejua kesho, kwa sababu kweli hatuijui kesho ya bumu.

Tulijaribu kitu chumbani kwetu. Tulikuwa sita, tukachanga, kila Jumamosi wawili wanakwenda Mabibo alfajiri kununua kwa jumla: mkungu wa ndizi, ndoo ya nyanya, matunda ya wiki. Bei ilishuka mpaka tukacheka, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa kwanza nilikula papai kila siku. Ilidumu wiki nne. Wiki ya tano wawili hawakuwa na mchango maana bumu lilichelewa, wanne tukashindwa kubeba sita, na ndizi zikaanza kuivia chini ya kitanda zote kwa pamoja. Kupika chumbani ni marufuku, kwa hiyo nyanya hazikuwa na kazi. Nasimulia kushindwa huku kwa sababu kila semina ya ujasiriamali inatuambia "jiungeni kwenye vikundi." Tulijiunga. Kikundi cha watu wenye siku hakigeuki kuwa kikundi cha watu wenye mwezi kwa kukutana tu. Kinataka mahali pa kuhifadhi, moto wa pamoja, na hela inayofika tarehe inayojulikana. Serikali yetu ya wanafunzi ina uwezo wa kupigania angalau hilo la pili: jiko la pamoja la gesi kwa kila bloku, kwa kuchangia. Nimeliandika kwa barua, nasubiri.

Nilipomweleza shangazi habari za Sen, nikiwa nimekaa kwenye ndoo na yeye anageuza vitumbua, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo mzee anajua. Ila mwambie kuna jambo kalisahau. Mimi ninachouza ndicho ninachokula." Nikamuuliza ana maana gani. Akanionyesha ungo. Vitumbua visivyotoka saa nne vinakuwa chakula cha mchana, kwa sababu kuvitupa ni hasara mara mbili, wali wa watu na sukari ya watu. Karatasi ya daktari imebandikwa ukutani juu ya jiko, imeshaingia mafuta. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 42 kati ya 100 wa mijini wana uzito uliozidi, vijijini 21. Wapo wanaosoma namba hiyo wakaona shibe. Mimi siku hizi nikiisoma naona ungo wa saa nne.

Mwezi uliopita mama alituma kifurushi kwa basi kutoka Nachingwea: ming'oko, mbaazi kavu, unga wa mtama, na kisamvu kilichotwangwa na kukaushwa. Nilikwenda kituoni kukipokea. Gharama ya kukisafirisha, nilipopiga hesabu, ingenunua vitu vingi gengeni. Shangazi alipofungua alinusa unga kwanza, akafunga tena, akauweka juu ya kabati mbali na panya. Akaniuliza kama mkaa wa kuchemshia mbaazi nitamchangia. Nikampa elfu mbili, akamtuma mtoto wa jirani makopo mawili.